Nyota Mchana

Wewe unayenisikiliza, mwanao aliye mbali akikupigia simu akakuambia, "Mama, kocha amenifanya Nyota," utamuuliza maana yake, au utatoka mbio kuwaambia majirani?

Renetta Pettway hakuuliza. Alikuwa amesimama jikoni kwake, pale Cahaba Fork, simu ameibana kwa bega, anakoroga sukuma wiki iliyokuwa ikichemka pamoja na mfupa wa nguruwe. Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya kambare, harufu ile ya kiwandani ambayo ndimu haiitoi na sabuni haiitoi. Aliposikia neno hilo alisema, "Asante Yesu," akazima jiko, akavuka barabara na aproni yake kiunoni hadi kwa Dada Earline Boykin. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Jumapili Mchungaji Tolliver alilisema madhabahuni, na akina mama wa safu ya mbele wakapunga vipepeo vyao vya mkononi na kupiga makofi. Ikakatwa shauri hapo hapo kwamba Jumamosi ya mwisho ya Oktoba basi la kanisa litakwenda Merrivale kumtazama Nyota. Dada Earline ndiye aliyesimamia fulana. Zilikuwa za samawati, zimeandikwa NYOTA WETU kifuani, na mgongoni PETTWAY na nambari yake, ishirini na sita.

Lazima mwelewe jambo moja. Lathan alikuwa mwaka wa pili huko chuoni Merrivale, na mama yake hajamwona akicheza hata mara moja. Mpira wao, ule uliochongoka ncha mbili, unaobebwa na kurushwa kwa mikono huku watu wakigongana kama mafahali, huchezwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo kiwanda cha kambare hakimwachi mtu. Alichokuwa nacho Renetta ni redio iliyowekwa juu ya kabati la visu. Alikuwa anapasua samaki sikio likiwa kule. Lakini redio hufuata mpira. Asiyeugusa mpira hatajwi. Msimu mzima jina la mwanawe lilitajwa mara moja, nalo walilikosea, wakasema "Petty". Renetta aliacha kisu, akawaambia wenzake, "Huyo ni wangu, huyo," na walipomwuliza amefanya nini hakuweza kuwajibu, kwa sababu redio ilikuwa imeshahamia kwa mwingine.

Usiku wa baridi alikuwa na mazoea ya kuingia chumbani kwa Lathan kufunga dirisha ambalo tayari limefungwa.

*

Ruhusa ilimbidi aiombe kwa Bwana Hadley, msimamizi wa zamu, naye Bwana Hadley hakuwa mtu wa kumwita mwenzake pembeni. Alimsikiliza pale pale, kati ya meza, maji ya samaki yakipita chini ya viatu vyao vya mpira.

"Jumamosi? Wewe hujui Jumamosi ndiyo mzigo wa Birmingham?"

"Najua, bwana. Sijawahi kuomba."

"Una nini?"

"Mwanangu anacheza Merrivale. Wamemfanya Nyota."

Bwana Hadley akageuka awatazame wengine, apate watu wa kucheka nao. "Mimi nasikiliza kila mechi ya Merrivale, Renetta. Kila mechi. Nyota gani huyo asiye na jina?"

"Lathan Pettway, bwana."

"Sema kwa nguvu, hawa wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa nguvu. Mmoja wa wasichana wapya akacheka, kisha akajizuia akashika mdomo kwa glavu yenye magamba. Bwana Hadley akampa ruhusa, kwa sharti kwamba wiki nzima atakuwa kwenye meza ya matumbo, ile inayokimbiwa na kila mtu. Renetta akasema ahsante. Akaenda kwenye meza ya matumbo siku ile ile, na huko alifanya kazi akiwa na tabasamu ambalo liliwaudhi wenzake.

*

Jumatano Lathan akapiga simu.

"Mama, mnakuja kweli Jumamosi?"

"Tunakuja! Basi zima. Hata mzee Crenshaw na mkebe wake wa dawa. Fulana zimeshachapishwa."

 

"Fulana gani, mama?"

"NYOTA WETU. Za samawati. Earline amezipiga pasi mwenyewe, na unajua Earline hampigii mtu pasi."

"Ee Mungu wangu." Akashusha pumzi. "Mama, sikiliza. Nyota ni jina la mahali pa kusimama. Sio kwamba mimi ndiye bora. Ni kama mtu kuitwa mshika mlango."

"Sasa kwa nini wapaite Nyota?"

"Wamependa tu. Kuna chuo kingine mtu anayesimama hapo wanamwita Mbwa."

"Wanamwita nini?"

"Mbwa, mama."

Renetta akavuta kiti, akaketi. "Basi Mungu ananipenda, mwanangu. Maana ningesimama mbele ya kanisa na kofia yangu ya Pasaka nikawatangazia kwamba Lathan wangu kafanywa Mbwa."

Lathan akaangua kicheko. Renetta alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu kiangazi, akaigandamiza simu sikioni hadi sikio likauma, kisipotee hata kidogo.

Kicheko kilipokwisha, kijana akasema lililomfanya apige simu. Timu inayokuja, Harlow, hairushi mpira. Inakimbia nao katikati kwa mabavu, na ina majitu mawili ya kusukuma njia. Majitu hayo yakiwa uwanjani, kocha humtoa Nyota na kumwingiza Dorsey, ambaye ni mzito.

"Kwa hiyo nitasafiri njia yote hiyo nikutazame umesimama?"

"Labda mwishoni nitaingia kidogo. Ndiyo maana nasema, afadhali mje wiki nyingine."

"Wiki nyingine sina, Lathan. Mwambie kocha mama yako anakuja."

"Mambo hayaendi hivyo, mama."

"Mwambie."

"Ndiyo, mama," akasema, na Renetta akajua kwa sauti ile kwamba hatamwambia.

*

Baba yake Renetta, mzee Ulysses, ndiye aliyemfafanulia vizuri. Nyonga zake zilikuwa zimekataa kazi, hakuwa wa kupanda basi tena, lakini mpira aliujua tangu enzi ambazo wachezaji hawakuvaa chochote cha kulinda uso. Alikuwa ameketi barazani anakula karanga za kuchemsha, maganda anayatia ndani ya kofia yake.

"Netta, kwaya unaijua?"

"Baba, nakuuliza mpira."

"Nakujibu. Kwaya yetu ina soprano, alto, tenor na besi. Kila mtu na kiti chake. Sasa kuna yule binti wa Crenshaw. Alto wakipungua anapanda, tenor wakipungua anashuka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Umewahi kumwona kiti chake kiko wapi?"

Renetta akafikiri. Miaka yote alikuwa akimwona yule binti amesimama ubavuni, kitabu mkononi, anamtazama mwalimu wa kwaya ajue leo anaitwa wapi.

"Walinzi wana mabeki wa kati, watu wazito wa kuzuia mbio," mzee akaendelea. "Wana mabeki wa nyuma, wepesi, wa kuzuia mpira unaorushwa. Zamani ilitosha. Siku hizi adui anaweza kukimbia nao, anaweza kurusha, hujui. Basi wakatafuta mtu wa kuziba katikati. Nusu huku, nusu huku. Ana uzito kidogo, ana mbio kidogo. Huyo ndiye mjukuu wangu. Adui akileta wazito, wanasema Lathan mwepesi mno, toka. Akileta wepesi, wanasema haya, ingia, lakini usipitwe."

"Na Harlow wanaleta wazito."

"Wazito watupu. Ila sikia." Akamenya karanga nyingine. "Aliyeachwa nyuma kwa pointi hana muda wa kukimbia nao hatua mojamoja. Lazima arushe. Ukitaka kumwona mwanao, omba Merrivale wafunge, tena wafunge sana."

Renetta angeweza kuvuka barabara jioni ile kumwambia Dada Earline kwamba Nyota ni mshika mlango. Alifika hata kwenye ngazi zake. Lakini gari lake mwenyewe gia zilikuwa zimekufa tangu Julai, na bila fulana hakuna basi, na bila basi hakuna Merrivale. Akarudi. Na msimlaumu. Mwenye hamu ya kumwona mtu wake hutafuta njia kwanza, ukweli akauchukua baadaye.

*

Walifika Merrivale na vikapu vya kuku wa kukaanga, ambavyo walinzi wa lango walivikataa vyote. Wakasimama kando ya basi wakala kwa haraka kama watu waliofukuzwa, mafuta yakidondokea fulana mpya, Mchungaji akiwahimiza. Majukwaani walipewa viti vya juu kabisa, nyuma ya nguzo. Kutoka kule wachezaji walionekana wadogo kama punje za bizari. Renetta alimpata Lathan kabla mwingine yeyote hajamwona. Alimjua kwa jinsi anavyosimama, mguu wa kushoto umetangulia kidogo, kama aliyeitwa lakini hajaambiwa aende wapi.

Mechi ikaanza, na mambo yakawa kama alivyosema mzee Ulysses. Harlow waliingia na majitu yao, wakawa wanakwenda hatua tatu, wanaanguka, hatua nne, wanaanguka. Lathan alikuwa kando ya kocha. Wenzake waliokaa nje walikuwa wamevua helmeti, wanakunywa maji, wanataniana. Yeye hakuvua. Aliifunga mkanda wa kidevuni tangu mwanzo, akasimama hivyo.

"Mbona haingii?" akauliza mzee Crenshaw.

"Wanamhifadhi," Renetta akasema.

"Wanamhifadhia nini? Ubatizo?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri bado. Mara jitu mojawapo la Harlow likatoka likichechemea. Kocha akamshika Lathan bega, akamsukuma uwanjani. Fulana za samawati zote zikainuka kwa shangwe, Dada Earline akapiga kigelegele. Lathan alikimbia hatua chache tu. Jitu la akiba likaingia badala ya lile, kocha akamfuata mbio, akamvuta kwa nyuma ya jezi kama mtu anavyomvuta mtoto asivuke barabara. Akarudishwa. Fulana zikaketi moja moja.

Jambo hilo lilitokea tena, na tena. Kila mara walioinuka walikuwa wachache kuliko mwanzo, hadi ikafika mahali Renetta akainuka peke yake.

Dada Earline alikuwa akipika maneno muda wote huo. "Dada Renetta," akasema, akipangusa miwani yake kwa pindo la fulana, "wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Sasa ni saa tisa alasiri."

"Subiri, Earline."

"Nasubiri. Ninaketi juu ya kiti cha chuma na ninasubiri."

 Renetta alikuwa amegeuka mtu mwingine. Mama huyu ambaye hakujua pointi zinahesabiwaje alianza kupiga kelele kila Merrivale waliposhika mpira, "Fungeni! Fungeni jamani, mna mama zenu!" hadi wanafunzi wa safu ya mbele wakageuka kumtazama. Merrivale wakafunga. Baadaye wakafunga tena. Saa kubwa ya uwanjani ilipokuwa karibu kuisha, Harlow wakawa wameachwa mbali, na Renetta akaona kwa macho yake yale majitu mawili yakitoka polepole, vichwa chini, na vijana wembamba wenye miguu mirefu wakiingia.

Kocha hakumsukuma Lathan safari hii. Alimwonyesha tu kidole, naye akaondoka.

"Ameingia!" akasema Renetta, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha, ikatoka kama mnong'ono. Mchungaji ndiye aliyewaamsha wengine.

Sasa niwaambie alichokiona, kwa sababu katika basi zima ni yeye peke yake aliyekiona. Watu wote uwanjani, maelfu kwa maelfu, walitazama mpira. Renetta hakuutazama. Alimtazama mwanawe. Alimwona akienda upande upande na kijana mmoja mwembamba wa Harlow, nyonga kwa nyonga, kama wanaocheza dansi moja. Kila yule alikopinda, Lathan alikuwa ameshapinda. Mrushaji wa Harlow akatazama upande huo, mkono umeinuka tayari, akamwona Lathan, akaghairi, akarusha kwingine. Mara ya pili akatazama tena, akaghairi tena, akaangushwa mpira ungali mkononi mwake. Mara ya tatu hakutazama kabisa.

Na aliona jambo la pili. Kila mara kabla mchezo haujaanza tena, wote wakiwa wameinama wanangoja, Lathan aligeuza shingo akatazama nyuma. Kule nyuma kabisa, mbali na rabsha, alisimama mlinzi mmoja wa mwisho peke yake, majani matupu yamemzunguka pande zote, uwanja mzima uko mbele yake. Lathan alimtazama mara moja, kisha akageuka kushika kazi yake. Halikuwa jicho la kuuliza kitu. Renetta alilijua jicho hilo. Ni lile alilokuwa nalo yeye mwenyewe Jumamosi zote, kisu mkononi, akitazama redio.

Filimbi ikalia. Imekwisha.

"Hakuugusa mpira hata mara moja," mzee Crenshaw akasema kwa masikitiko.

"Si neno," akasema Dada Earline, akampapasa Renetta mgongoni. "Ameingia. Wangapi hata hawaingii?" Na huruma hiyo ilimchoma Renetta kuliko kejeli zote za mchana.

*

Walimngoja kwenye uzio wa waya. Alitoka akiwa ameoga, begi begani, akaona zile fulana zote zimepangana kama kwaya, akasita. Lakini aliwakumbatia mmoja mmoja, akapiga nao picha, akasema "ahsante kwa kuja" kila alipoambiwa "safari nyingine, mwanangu." Mwishowe akafika kwa mama yake. Alimwinamia, akaweka paji la uso wake begani kwa mama, akakaa hivyo.

"Nisamehe kwa fulana," Renetta akasema.

"Zimependeza."

"Usinidanganye. Zina mafuta ya kuku."

Kabla hajajibu, kocha wao akafika. Wingate aliitwa, mtu mnene mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele. Alivua kofia, akampa Renetta mkono.

"Mama Pettway, umezaa kijana. Sijapata kumwona mwenzake. Nikimwambia nenda huku, ndiyo. Nenda kule, ndiyo. Hana ubishi. Wengine kumi nikiwahamisha watanifanyia mgomo." Akampiga Lathan kifuani kwa kofia. "Sasa nimemwambia, mwakani nampeleka mbele, kwa mabeki wa kati. Mlishe, mama. Kiangazi chote mlishe, arudi mzito. Sawa, kijana?"

"Ndiyo, kocha," Lathan akasema.

Kocha akavaa kofia yake, akasogea kusalimiana na Mchungaji.

Renetta alibaki anamtazama mwanawe usoni. "Ndiyo" ile aliijua, maana yeye ndiye aliyeifundisha. Lathan, mpikie babu yako, nina zamu mbili. Ndiyo, mama. Lathan, usiende kwa wenzako leo, bomba limepasuka. Ndiyo, mama. Tangu baba yake alipoondoka, pengo lolote lililotokea ndani ya nyumba mtoto alisimamishwa hapo, na yeye Renetta alijisifu kwa watu kwamba hana shida naye.

"Unatazama nini kule nyuma?" akamwuliza.

"Wapi?"

"Uwanjani. Kila mara kabla hamjaanza. Unageuka unamtazama yule wa mwisho."

Lathan akainua kichwa. Uso wake ulibadilika kabisa, ukawa wa mtoto aliyefumaniwa. "Umeona?"

"Mimi sikuja kutazama mpira."

"Na yule kijana niliyekuwa naye?"

"Alitaka kupinda kulia ukamtangulia. Mrushaji akakuogopa mara mbili. Mara ya tatu hakuthubutu kutupa jicho."

 Lathan akatazama pembeni, akaanza kuchezea mkanda wa begi. Upande wa pili dereva wa basi alikuwa akipiga honi, Dada Earline akimwita mzee Crenshaw apande, yeye na dawa zake.

"Kule nyuma unaona kila kitu, mama," akasema taratibu. "Watu wote wako mbele yako. Unaona jambo kabla halijatokea. Shuleni niliwahi kuwekwa pale mechi mbili, mwenyeji wa pale alipoumia. Mechi mbili tu. Mpaka leo nikifumba macho..."



"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

 Neno hilo lilimfika Renetta, lakini hakulirudisha wala kujitetea. "Basi usiniambie mimi," akasema. "Mimi sipangi timu. Yule pale bado hajaondoka."

"Mama, atasema nina uzito mno kwa nyuma."

"Aseme. Atakuwa amesema yeye, si wewe."

Lathan akaweka begi chini. Akavuka uwanja mdogo wa kokoto hadi alipokuwa kocha, akasimama nyuma yake na mikono imeshuka, na Renetta akafikiri hataweza, atageuka arudi. Mchungaji ndiye aliyemwona, akanyamaza katikati ya sentensi. Kocha akageuka.

"Naam, kijana? Umesahau nini?"

"Sitaki kwenda mbele, kocha," Lathan akasema, na sauti yake ikafika hadi kwenye basi. "Nataka kucheza nyuma. Nyuma kabisa. Ndicho nilichotaka tangu siku mliyonichukua."